Nani Anamsomesha Frateri? Ufadhili wa Masomo Seminarini na Sehemu Yetu Sisi wa Nkololo



Nilipokuwa likizo nyumbani Nkololo, siku moja tulisali jumuiya jioni, na baada ya sala ya mwisho tukabaki uwanjani tukitafuna karanga. Mtunza hazina alikuwa ametoka kusoma orodha ya michango. Mchango wa nyumba ya katekista ulikuwa na majina mengi. Mchango wa seminari ulikuwa na majina manne. Mzee mmoja akanigeukia, akasema kwa upole:

“Frateri, usinielewe vibaya. Kwani ninyi hamsomeshwi na Baba Mtakatifu? Sisi huku tunadaiwa mbegu, tunadaiwa dawa ya pamba. Tuchangie tena kitu ambacho Roma imeshalipa?”

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza wakisubiri jibu. Nilimjibu, “Baba, si chote kinacholipwa na Roma,” na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Usiku ule nilitambua kwamba sikumjibu. Swali lake ni la haki, na linaulizwa katika vigango vingi. Makala hii ni jibu ambalo ningependa ningempa jioni ile.

Nianze na kiini chake. Ufadhili wa masomo seminarini si mshahara wa frateri, wala si mkopo ambao atakuja kuulipa kwa upadre wake. Ni njia ya Kanisa ya kulinda uhuru wa aina tatu: uhuru wa mtoto wa maskini kuitikia wito, uhuru wa walezi kumpima kijana bila kutazama mfuko wa baba yake, na uhuru wa kijana mwenyewe kuendelea au kuondoka akiona Mungu anamwita kwingine. Uhuru huo una gharama, na gharama hiyo haiwezi kubebwa na mtu mmoja, hata akiwa Roma.

Seminari na mtoto wa maskini

Wengine hudhani kwamba kufadhili waseminari ni jambo lililoletwa na wamisionari kwa sababu Afrika ni maskini. Historia inasema vingine. Seminari kama tunavyozijua leo zilianzishwa na Mtaguso wa Trento, katika kikao cha 23, tarehe 15 Julai 1563. Kabla ya hapo Ulaya haikuwa na utaratibu mmoja wa kuwaandaa mapadre. Wengine walisoma vyuo vikuu kwa sababu familia zao zilikuwa na uwezo, na wengine walijifunza kidogo tu kwa paroko wa kijijini.

Mababa wa Mtaguso waliagiza kila jimbo liwe na mahali pa kuwalea vijana kwa ajili ya altare. Katika agizo hilohilo waliweka mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, walitaka wachaguliwe hasa watoto wa maskini. Watoto wa matajiri hawakukataliwa, ila wao wajigharamie. La pili, waliagiza kwamba sehemu ya mapato ya jimbo, kuanzia yale ya Askofu mwenyewe, ikatwe kwa ajili ya seminari. Kwa hiyo siku ileile seminari ilipozaliwa, ufadhili ulizaliwa pamoja nayo, na ulikatwa kwanza kwenye mfuko wa jimbo lenyewe.

Sheria ya Kanisa tunayoifuata leo, ile ya mwaka 1983, inashika msimamo huo. Kanuni ya 233 inasema kwamba wajibu wa kukuza miito ni wa jumuiya nzima ya Wakristo. Kanuni ya 263 inamtaka Askofu ahakikishe kwamba seminari ina mahitaji yake, wanafunzi wanatunzwa na walimu wanapata posho. Kanuni ya 264 inampa ruhusa ya kuweka mchango maalumu jimboni kwa ajili ya seminari. Basi mzee akisikia tangazo la mchango wa seminari, asidhani kwamba paroko amebuni jambo jipya. Jambo hilo limetangulia hata kufika kwa imani huku kwetu Usukumani.

Barua kutoka Nagasaki

Na Roma je? Hapa mzee alikuwa na sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo ina historia nzuri.

Mwaka 1889 Askofu Jules-Alphonse Cousin wa Nagasaki, nchini Japani, alikuwa na shida ambayo maaskofu wengi wa Afrika wanaifahamu. Vijana wenye wito walikuwapo, lakini fedha za kuwalea hazikuwapo, na ilimbidi awarudishe nyumbani baadhi yao. Akawaandikia barua wanawake wawili wa mji wa Caen, Ufaransa: Bi. Stéphanie Bigard, aliyekuwa mjane, na binti yake Jeanne.

Wanawake hao hawakuwa na cheo chochote katika Kanisa. Walipunguza matumizi yao, wakatoa walichokuwa nacho, kisha wakaanza kwenda kwa watu wengine kuomba. Wazo lao lilikuwa rahisi kulielewa: familia au kikundi kinamchukua mseminari mmoja wa nchi ya misioni kama mtoto wao, kinamwombea na kugharamia malezi yake. Ndivyo lilivyoanza Shirika la Mtakatifu Petro Mtume. Tarehe 3 Mei 1922 Papa Pius XI alilifanya kuwa Shirika la Kipapa, na leo ni mojawapo ya Mashirika manne ya Kipapa ya Kimisionari, pamoja na lile la Uenezaji wa Imani, la Utoto Mtakatifu, na Umoja wa Kimisionari.

Angalia pia majira ya jambo hili. Mapadre wazalendo wa kwanza wa nchi yetu walipewa daraja mwaka 1917. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Novemba 1919, Papa Benedikto XV alitoa waraka wake wa kimisionari, Maximum Illud, akihimiza kwamba kila nchi iwe na mapadre wake, walioandaliwa kikamilifu, si wasaidizi wa wageni tu. Shirika la Mtakatifu Petro likawa mkono mmojawapo wa kulitimiza hilo.

Sisi wa eneo hili tumeyaona matunda hayo. Kanisa la Shinyanga lililelewa na wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani, na Askofu wa kwanza aliyekaa na jina hilo la Shinyanga, kuanzia mwaka 1956, alikuwa Mmaryknoll, Edward McGurkin. Alipong'atuka mwaka 1975, aliyepokea kiti chake alikuwa Mtanzania, Askofu Castor Sekwa. Na kuanzia mwaka 2012 hadi 2017 Rais wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari kule Roma alikuwa Mtanzania, Protase Rugambwa, ambaye sasa ni Kardinali. Nchi iliyokuwa ikipokea ufadhili ikatoa mtu wa kusimamia ufadhili wa dunia nzima.

Sadaka inavyosafiri

Sasa tuitazame njia yenyewe, maana wengi tunaona mwanzo wake tu, yaani kikapu cha sadaka, na mwisho wake, yaani frateri aliyevaa kanzu.

Kila mwaka seminari kuu huandika taarifa: ina waseminari wangapi, wa majimbo gani, walezi wangapi, imetumia nini, imepata nini, na inahitaji nini. Taarifa na maombi hayo hupita kwa wakubwa wa Kanisa nchini na kwa Balozi wa Papa, hadi kwenye ofisi ya Shirika kule Roma. Wakurugenzi wa Mashirika ya Kipapa kutoka nchi mbalimbali hukutana kila mwaka katika mkutano mkuu, na hapo maombi hujadiliwa na kuidhinishwa kadiri ya kilichokusanywa. Kikikusanywa kidogo, hugawanywa kidogo. Hakuna sanduku lisilokwisha.

Msaada unaotoka huko ni wa aina kuu mbili. Kuna ruzuku ya kawaida, inayohesabiwa kwa kutazama idadi ya waseminari, ambayo husaidia chakula, matibabu, vitabu na uendeshaji wa kila siku. Na kuna ruzuku ya pekee kwa jambo maalumu, kama kujenga bweni, kuchimba kisima au kukarabati paa. Ruzuku ya kawaida hupewa seminari, si frateri binafsi. Hakuna frateri anayepokea bahasha kutoka kwa Papa mwisho wa mwezi. Na ruzuku hiyo ni msaada tu: pengo linalobaki linapaswa kuzibwa na majimbo, parokia, familia, na jasho la seminari yenyewe.

Fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa Wakristo wa kawaida: mstaafu wa Ujerumani, mama wa Korea, mfanyakazi wa Marekani. Na zinatoka kwetu pia. Sisi nasi tunatoa sadaka kwa ajili ya Mashirika ya Kipapa, na watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wanachangia sarafu zao. Sarafu ya mtoto wa Nkololo inaingia katika kapu lilelile linalosaidia Kanisa la nchi ambayo mtoto huyo hajawahi hata kuisikia.

Mlango wa kwanza: seminari ndogo

Hata hivyo, mahali ambapo wito wa kijana wa kijijini hukwama zaidi ni karibu kabisa na nyumbani, yaani kwenye seminari ndogo.

Tuseme kuna kijana wa darasa la saba katika kigango chetu kimoja. Anatumikia altareni, anafanya vizuri darasani, na amemwambia katekista kwamba anatamani kuwa padre. Anafanya mtihani wa kuingia seminari ndogo, kama ile ya Shanwa kule Maswa, na anafaulu. Barua inakuja, ikiwa na orodha ya ada na mahitaji: godoro, shuka, sare, madaftari, nauli.

Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Seminari ndogo si shule ya Serikali, kwa hiyo lazima itoze ada ili iishi. Baba anaweka vitu viwili mezani: shule ya kata bila ada, na seminari yenye ada. Tena ada inadaiwa Januari. Sote tunaijua Januari ya Bariadi. Pamba bado iko shambani, ghala la mahindi linaelekea kwisha, na fedha ya msimu uliopita ilishakwenda kwenye madeni. Kinachobaki ni ng'ombe, na ng'ombe huyo ndiye analima, ndiye akiba ya ugonjwa, ndiye mahari ya kaka yake mkubwa.

Baba huyo si adui wa miito. Anapiga hesabu ya kweli. Hapo parokia inayoweza kusema, “Lete nusu, nusu nyingine tutaibeba,” inabadilisha jambo zima. Kama haiwezi kusema hivyo, atakayeingia seminari atakuwa yule ambaye baba yake ana duka mjini, na mwenye wito wa kweli lakini asiye na kitu atabaki njiani. Ndilo jambo ambalo Mtaguso wa Trento ulitaka kulizuia.

Miaka mingi, mahitaji mengi

Akimaliza kidato cha sita, safari bado ni ndefu. Kuna kipindi cha malezi ya awali, ambapo kijana anajifunza kusali, kuishi na wenzake na kujitambua. Kisha falsafa, katika seminari kama Ntungamo kule Bukoba au Kibosho kule Moshi. Halafu teolojia, kama Kipalapala ya Tabora, Segerea ya Dar es Salaam au Peramiho ya Songea. Kanuni ya 250 inadai masomo ya falsafa na teolojia yasipungue miaka sita kamili. Ukiongeza malezi ya awali na muda wa kazi za kichungaji parokiani, unapata karibu miaka minane au tisa baada ya kidato cha sita.

Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 1992 juu ya malezi ya mapadre, alitaja nguzo nne: malezi ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji. Kila nguzo ina gharama yake. Walezi wanapaswa kula. Maktaba inapaswa kuwa na vitabu. Mseminari akiugua malaria anapaswa kutibiwa. Anayetumwa kigangoni Jumapili anahitaji nauli. Ndiyo maana waseminari wanalima bustani, wanafuga kuku na ng'ombe, wanafua nguo zao na kufagia mabweni. Kazi hiyo inapunguza gharama, na pia inamkumbusha mseminari kwamba anakula jasho la watu wengine.

Baada ya upadre kuna ufadhili mwingine, wa masomo ya juu, ambao hutolewa si kwa sababu padre ameomba bali kwa sababu Askofu ameona hitaji la jimbo: mwalimu wa seminari, mwanasheria wa Kanisa, mtaalamu wa Maandiko. Laurean Rugambwa, baada ya kuwa padre mwaka 1943, alipelekwa Roma kusomea sheria ya Kanisa. Mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Wakati anapelekwa, hakuna aliyejua hayo yangetokea. Aliyemsomesha alipanda tu.

Kisichonunuliwa kwa ufadhili

Sasa niseme jambo ambalo sisi waseminari tunalijua lakini ni mara chache tunalisema kwa sauti.

Mwenye kusaidiwa hujisikia mwenye deni. Ukirudi likizo, mama mmoja wa WAWATA anakwambia kwa furaha, “Baba, mwaka huu tumeuza vitumbua kwa ajili yako.” Unashukuru, na papo hapo unaona uzito umekaa kifuani. Je, ikiwa baada ya miaka mitano nitagundua kwamba Mungu hakuniitia upadre, vitumbua vile nitavijibu nini?

Rafiki yangu mmoja alipita hapo. Tulianza pamoja, na baada ya miaka kadhaa ya sala na ushauri aliona njia yake ni ndoa. Alikaa mwaka mzima zaidi ya ilivyopasa, na sababu yake ilikuwa aibu. Aliogopa kusikia, “Amekula hela za parokia akakimbia.” Alipotoka, maneno hayo aliyasikia kweli. Leo anafundisha sekondari, ni mwalimu wa kwaya kigangoni kwao, na watoto wake wanatumikia altareni. Nikimtazama, sioni fedha iliyopotea.

Kanisa liko wazi katika hili. Kanuni ya 1026 inasema anayepewa daraja lazima awe huru, na ni kosa kubwa kumlazimisha mtu kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote. Kanuni ya 1036 inamtaka aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaomba daraja kwa hiari. Tamko hilo lina maana gani kama anayeliandika anaogopa wafadhili wake? Padre aliyeingia altareni kwa kulipa deni atakuwa mzigo kwake mwenyewe na kwa watu, na mzigo huo ni ghali kuliko ada zote.

Kwa hiyo anayefadhili mseminari ajue anachotoa. Anagharamia muda wa kusikiliza sauti ya Mungu kwa uaminifu. Wapo watakaosikia “njoo,” na wapo watakaosikia “nenda kwingine.” Kote kuwili sadaka imefanya kazi yake. Vilevile anayefadhiliwa ajue wajibu wake: kusoma kwa bidii, kusema ukweli kwa walezi, kutotapanya, na kama anaona wazi kwamba hapa si mahali pake, asiendelee kula chakula cha mwingine kwa kuogopa midomo ya watu. Uhuru wa kuondoka ni wa wenye nia njema. Haumpi mtu ruhusa ya kuja seminari kutafuta cheti.

Tahadhari mbili

Kwa kuwa mambo ya fedha yana vishawishi, yafaa tuangalie mambo mawili.

La kwanza ni kwa waseminari wenzangu. Mfadhili binafsi ni baraka, lakini asiwe siri. Msaada upitie kwa gambera wa seminari au kwa mkurugenzi wa miito wa jimbo. Frateri mwenye wafadhili watatu wa siri, anayelala jirani na mwenzake asiye na sabuni, ameshaanza kujifunza upadre mbaya. Tena mfadhili wa siri mara nyingi huja na masharti ya siri.

La pili ni kwa waamini. Siku hizi kuna ujumbe mwingi wa simu unaoomba fedha kwa jina la waseminari: “Mimi ni frateri fulani, nimekwama, tuma kwa namba hii.” Usitume. Mpelekee paroko ujumbe huo, au mwenyekiti wa halmashauri ya walei, aulize. Mchango wa kweli una daftari, una risiti, na unatangazwa kanisani. Ukitoa, una haki ya kujua umefika. Kuuliza si kukosa imani.

Hesabu ya Nkololo

Narudi kwa mzee wangu na deni lake la mbegu. Sitaki kumwambia auze ng'ombe. Nataka tupige hesabu pamoja.

Tuchukue mfano tu. Parokia yenye vigango 15, kila kigango kina jumuiya ndogo ndogo nane. Hizo ni jumuiya 120. Kila jumuiya, si kila mtu, ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, parokia inapata shilingi 240,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Jumuiya yenye kaya kumi inakuwa imedai shilingi 200 kwa kila kaya. Na kwa kuwa fedha ya mkulima haiji kila mwezi, jumuiya inaweza kutoa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja pamba ikishanunuliwa, au kutoa debe la mahindi na mpunga wakati wa mavuno. Seminari inakula ugali kama nyumba nyingine yoyote. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfuko huo ukiwapo, na ukiwa na kamati inayoaminika, mambo manne yanawezekana. Kijana anayefaulu kwenda seminari ndogo atajua kuna mahali pa kuanzia. Familia italipa sehemu yake kwa heshima, bila kuachiwa mzigo wote wala kuondolewa wajibu wote. Frateri wa falsafa au teolojia atapata nauli na vitabu bila kuzunguka akiomba nyumba kwa nyumba. Na jimbo linapotuma taarifa yake, litaweza kusema kwa kichwa kilichoinuliwa: sisi wenyewe tumetoa hiki. Waswahili husema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kanisa linalongoja Roma peke yake litakuwa na mapadre wachache siku ambayo Ulaya itakuwa na waamini wachache, na siku hiyo haiko mbali sana.

Asiye na shilingi

Pengine unayesoma haya huna hata hiyo mia mbili. Nakupa mfano wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, msimamizi wa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume. Yeye alikuwa mtawa wa ndani, hana mali. Mwaka 1895 alikabidhiwa kumwombea mseminari mmoja, Maurice Bellière, kijana aliyelelewa na shangazi yake, mwenye kutaka umisionari lakini mwenye hofu na mashaka mengi. Alimwombea, akamwandikia barua za kumtia moyo, akamtolea mateso ya ugonjwa wake. Maurice alisafiri kwenda Algeria kujiunga na Wamisionari wa Afrika, wale wale White Fathers walioleta Injili huku Usukumani. Siku iliyofuata, tarehe 30 Septemba 1897, Teresa alifariki. Baadaye Maurice alifanya utume Nyasa, jirani zetu wa kusini.

Bibi anayesali rozari moja kila Alhamisi kwa ajili ya frateri wa parokia yake amemfadhili. Mwinjili Luka anatutajia wanawake waliomsaidia Bwana Yesu na mitume wake kwa mali zao: Maria Magdalena, Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine wengi. Hata Yesu alikubali kufadhiliwa, na hakuona aibu.

Basi, mzee wangu, jibu langu ndilo hili. Baba Mtakatifu anasaidia, tena sana, kwa sadaka za watu maskini na matajiri wa dunia nzima, na wewe ukiwa mmoja wao. Lakini kijana yule wa darasa la saba anayetumikia altare katika kigango chako, Baba Mtakatifu hamjui jina. Wewe unamjua. Unajua baba yake anadaiwa nini. Januari ikifika na barua ya seminari ikafika, atakayekuwa jirani wa kubisha hodi ni wewe.